Nyuzi za Machimboni

Pale hospitalini hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Hadubini, kwa sababu tangu aajiriwe maabara, jicho lake na ile mashine ya kukuzia vitu vidogo vilikuwa kama kupe na ngozi ya ng'ombe. Ukimtafuta asubuhi utamkuta ameinama anatazama tone la damu ya mgonjwa. Ukimtafuta saa ya mapumziko utamkuta ameinama vilevile, kipande cha mkate mkononi, anatazama kitu ambacho hakuna mgonjwa aliyekileta: bawa la nzi, vumbi la dirishani, ukungu wa juu ya limau lililooza. Wenzake walikuwa wakisema huyu siku ya kufa atawaomba malaika kwanza wasimame kwenye kioo awaangalie vizuri.

Mumewe alikuwa mtu wa miche. Kitalu chake kilikuwa nyuma ya nyumba yao, kimefunikwa wavu mweusi wa kivuli, viriba, vile vifuko vya plastiki vya kuoteshea miche, vimepangwa mistari iliyonyooka kama wanafunzi wakati wa kuhesabiwa. Alikuwa msafi kupita kiasi. Koleo lake alilisugua kama daktari anavyosugua mikono kabla ya kupasua mtu. Na udongo wake, kila mzigo, aliuchemsha kwa mvuke ndani ya pipa kabla haujatiwa kwenye viriba. Hakuwa anafanya hivyo kwa wazimu. Miaka ya nyuma ugonjwa wa kuoza shina uliingia kitaluni ukalaza miche yote chini kama mkeka, na tangu siku hiyo akaapa kwamba udongo mbichi haupiti mlangoni kwake.

Kazi iliyomnyima usingizi ni ya machimbo. Nje ya mji kulikuwa na shimo kubwa lililobaki baada ya watu kuchimba kokoto mpaka mawe yakaisha. Jua likilipiga, linawaka kama karai lililosahauliwa jikoni. Upepo ukilipitia, vumbi jeupe linapaa na kutua juu ya paa za watu, juu ya nguo zilizoanikwa, mpaka kwenye wodi ya watoto, na watoto wanakohoa. Halmashauri ya mji ikamtaka mume wa Hadubini alijaze miti. Akaotesha migunga, migumu, isiyodeka. Msimu wa kwanza akaipanda, ikafa. Msimu wa pili akaipanda, akaipalilia, akaibembeleza kwa maji ya mkokoteni, ikageuka njano, ikasinyaa, ikafa. Watu hawana dogo. Wakaanza kukiita kitalu chake "nyumba ya matanga".

Jumapili moja mchana aliingia jikoni ameshika mche mmoja wa manjano, mkavu kama kijiti cha meno. Akauweka mezani, akakaa.

"Mke wangu, naacha," alisema. "Nitatafuta kazi ya kulinda mlango."

"Mlango gani?"

"Wowote. Mradi hauhitaji kumwagiliwa."

Hadubini alitaka kucheka, lakini alipomtazama usoni kicheko kikarudi kilikotoka. Akavua aproni. "Nipeleke nikaone."

"Ukaone nini? Maiti?"

"Mimi kazi yangu ni kutafuta kilichomuumiza mtu. Twende."

Walifika machimboni jua likiwa kali. Mumewe alimwonyesha mistari ya miche iliyokufa, kila mmoja kwenye kishimo chake kilichochimbwa kwa heshima zote. Hadubini alitazama chini, kisha akainua macho juu ukingoni. Pale juu palikuwa na kichaka cha migunga mikubwa, imebaki tu kwa sababu hakuna aliyepata mawe chini yake. Na mteremkoni, kati ya kichaka na shimo, kwenye kokoto tupu, mgunga mdogo mmoja ulikuwa umejiotea wenyewe, kimo cha magoti, kijani kibichi, unameremeta kama uliopakwa mafuta.

"Na huyu nani anammwagilia?" aliuliza.

"Nani ammwagilie! Huyo mtoto wa barabarani. Hana baba hana mama."

"Mbona ana afya kuliko wenye baba?"

Mumewe aliinama akalishika jani lake moja. Swali hilo hakuwahi kujiuliza. Macho yake yalikuwa kwa waliokuwa wanakufa, hakuwa na nafasi ya kumtazama aliyekuwa anaishi.

Hadubini alipiga magoti, akafukua kwa vidole kando ya ule mgunga mdogo, taratibu, mpaka akapata vimizizi vyembamba vya pembeni. Akakata vichache, akavifunga kwenye leso iliyoloweshwa maji. Akachukua na mizizi ya mche uliokufa juzijuzi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, alijisemea, akijipangusa vumbi magotini.

Nyumbani alikuwa na hadubini yake mwenyewe, kuukuu, ambayo hospitali ilimpa zilipoletwa mpya. Ilikaa kwenye meza ya jikoni, kati ya kopo la chumvi na chupa ya mafuta. Alivaa glavu, akachemsha vimizizi ndani ya ile dawa kali ya kuzibulia sinki, mpaka vikapauka na kuwa kama kioo. Akavisuuza mara nyingi. Kisha akamimina siki, akadondoshea wino wa buluu wa kalamu, akainjika tena.

"Hiyo si sufuria ya chai?" mumewe aliuliza kutoka mlangoni.

"Ilikuwa."

Mumewe akatikisa kichwa, akaenda zake nyuma ya nyumba.

Hadubini alianza na mzizi wa mche uliokufa, wa kitaluni. Aliubana kati ya vioo viwili, akainama, akarekebisha. Kuta safi, vyumba vitupu, kimoja baada ya kingine, kama nyumba mpya isiyopata mpangaji. Hakukuwa na mdudu wala dalili ya ugonjwa, hakukuwa na kitu chochote. Akautoa. Akaweka mzizi wa mtoto wa barabarani.

Mwanzoni aliona ukungu wa buluu tu. Akazungusha kirungu kidogo cha mashine kwa ncha ya kidole. Ukungu ukajikusanya, ukawa nyuzi.

Nyuzi! Nyembamba kuliko unywele, zimeingia kutoka nje, zinakwenda kati ya chumba na chumba kama mtu aliyezoea njia za nyumba hiyo. Na ndani ya vyumba vyenyewe, kila uzi ulipoingia, ulikuwa umechanua: tawi likazaa matawi, matawi yakazaa vitawi, mpaka kila chumba kikawa na kimti chake kidogo cha buluu. Hadubini aliruka kutoka kwenye kiti. Alipiga ukelele ambao jirani wa tatu aliusikia.

Mumewe aliingia mbio na ndoo ya maji. "Moto uko wapi?"

"Hakuna moto! Weka ndoo chini! Weka jicho hapa!"

Aliinama huku akitweta. Akakunja uso. "Naona... naona kitu kama mabua meusi."

"Hizo kope zako. Usisogee karibu mno. Taratibu."

Mumewe akarudi nyuma kidogo. Halafu Hadubini aliona bega la mumewe likishtuka.

"Mke wangu," alisema, sauti ndogo kama ya mtu aliye msikitini au kanisani. "Kuna miti. Ndani ya mzizi kuna miti."

"Si miti. Ni kuvu!"

"Kuvu? Ile inayoozesha mikate?"

"Ukoo ule, lakini tabia mbali!" Hadubini alikuwa hawezi kukaa, alizunguka meza, mikono hewani. Haya mambo aliyasoma chuoni, ukurasa mmoja tu, na kwenye mtihani hayakuulizwa, kwa hiyo akayaweka kabatini mwa kichwa na kufunga. "Sikiliza. Mzizi ni mnene, hauwezi kupenya kila mahali. Hizi nyuzi zinapenya. Zinakwenda mbali, kwenye nyufa za mawe, zinachota maji, zinachota na chumvichumvi za ardhini, zinaleta hapa, kwenye hivi vimti. Na mti hauchukui bure. Majani yanapika sukari kwa jua, mti unateremsha sukari mpaka mizizini, unazilisha nyuzi. Mmoja anapika, mwingine anachota maji."

"Kama mimi na wewe."

"Sisi nani anapika?"

"Tusiharibu maongezi mazuri," mumewe alisema, akainama tena kutazama. Alitazama kwa muda mrefu. Alipoinuka, macho yake hayakuwa kwenye kioo tena; yalikuwa yameelekea dirishani, kwenye pipa lake.

"Mimi nimezichemsha," alisema.

Hadubini akafuata macho yake mpaka kwenye pipa.

"Kila mzigo. Nikaona nawalinda. Kumbe nawapeleka vitani peke yao."

"Ulikuwa unafukuza ugonjwa. Na ugonjwa uliukimbiza kweli."

"Na mchumba wa miche nikamkimbiza pamoja nao!" Na hapo, badala ya kulia, mume wa Hadubini alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika meza. Misimu miwili amelala akijiuliza Mungu amemnyima nini mkononi, na sasa jibu liko kwenye kioo chenye upana wa kidole. "Kwa hiyo tunazirudisha! Zinapatikana wapi?"

Wote wawili walisema kwa pamoja: "Kichakani!"

Hadubini alimpigia simu wifi yake. Huyu dada wa mumewe alikuwa dereva wa katapila, mwanamke wa mabega mapana na kicheko kipana zaidi, na wakati huo kampuni yake ilikuwa inapanua barabara inayopita ukingoni mwa machimbo.

"Wifi, lile chaka la ukingoni unalijua?"

"Nitaachaje kulijua? Kesho asubuhi nalila lote. Barabara inapita palepale."

Hadubini alishika ukuta. "Usilile!"

"Wifi yangu, mimi sina shamba wala mamlaka. Nina usukani tu. Bosi akisema chimba, nachimba. Kwani umezika nini hapo?"

"Njoo nitakueleza. La, nisikilize sasa hivi!" Akamweleza kwa mkupuo mmoja, mpaka wifi akasema amesikia neno nyuzi na neno sukari, mengine yamempita, lakini ataanzia upande wa pili ili awape muda.

Asubuhi Hadubini alibadilishana zamu ya kwanza na mwenzake, akavaa koti lake jeupe ili akitoka huko apitilize kazini. Pikapu ya kitalu, ambayo haijawahi kumpenda mtu mwenye haraka, iligoma kuwaka. Waliisukuma hadi kwenye mteremko wa mtaa, mumewe akarukia usukani, Hadubini akaning'inia mlangoni, ikakohoa, ikakohoa, ikawaka, ikaondoka ikitoa moshi kama inayochoma taka. Kwenye kila kona Hadubini alikuwa akisema, "Kanyaga!" na mumewe akijibu, "Nimekanyaga mpaka mguu unagusa barabara!"

Walipofika, upande wa mbali wa kichaka ulikuwa umekwisha lala. Katapila lilikuwa limegeuza uso. Ndoo yake ya chuma ilikuwa juu, meno yanang'aa. Hadubini aliruka kabla gari halijasimama, akakimbia na koti lake jeupe likipepea nyuma, akipunga mikono. Wafanyakazi waliomwona wakadhani kuna mtu amejeruhiwa. Wifi akazima injini.

Msimamizi akaja, mtu mfupi aliyevaa kofia ngumu kubwa kuliko kichwa chake, hivi kwamba kila akigeuka kofia ilichelewa.

"Nani mgonjwa?"

"Hakuna mgonjwa, mkuu." Hadubini alikuwa ameandaa hotuba njia nzima. "Chini ya miti hii kuna viumbe..."

"Nyoka?"

Vibarua wawili waliokuwa karibu wakarudi nyuma bila kuaga.

"Si nyoka. Kuvu. Zinaishi mizizini, zinalisha miti, na sisi miche yetu—"

"Zina sumu?"

"Hapana, mkuu."

"Zinauma?"

"Haziumi. Tunaomba udongo wa juu tu, huu wenye mizizi, kabla hamjaupeleka kutupwa. Tafadhali sana. Tuko radhi kuandika barua, kumwona mkurugenzi..."

Msimamizi aliinua mkono. "Subiri. Mnataka nini hasa?"

Mume wa Hadubini akaonyesha magunia matupu aliyokuja nayo.

Msimamizi aliyatazama magunia, akamtazama dereva wa katapila, akaangua kicheko mpaka kofia ikamfunika macho. "Mimi tangu juzi naumwa kichwa, udongo huu niutupe wapi! Jaa liko upande wa pili wa mji. Halafu mnakuja mmebeba magunia mnabembeleza? Mtapewa malori, mama. Nionyesheni mlango wenu."

Hadubini alibaki na hotuba yake mdomoni kama mtu aliyesukuma mlango kwa nguvu kumbe uko wazi. Kisha akamkumbatia wifi yake, grisi na yote, na koti jeupe halikuwa jeupe tena.

Wifi alifanya kazi siku hiyo kwa mkono wa mkunga. Aliteremsha ndoo kidogokidogo, akanyanyua ngozi ya juu ya ardhi pamoja na mizizi yake, akaiweka kwenye lori bila kuimwaga. Mume wa Hadubini alikuwa akikimbia mbele yake, akiokota mbegu zilizoanguka na kuzijaza mifukoni. Jioni kulikuwa na kilima mbele ya lango lao, na jirani aliyekuja kuuliza kulikoni ilibidi apandie juu yake na kuteremkia upande wa pili, viatu mkononi.

Sasa ikaja kazi ya ubishi. Hadubini alitaka nusu ya miche mipya ichanganyiwe udongo wa kichakani, na nusu ibaki kwenye udongo uliochemshwa.

"Unataka nihukumu nusu ya watoto wangu?"

"Tukiichanganyia yote ikaota, watasema ni mvua. Hata mimi nitasema ni mvua."

Mumewe alinuna kutwa nzima, akakubali kwa sharti kwamba atailea yote sawa, bila upendeleo. Na kweli hakubagua. Lakini haikupita muda mrefu, ile hofu yake ya zamani ikabisha hodi: upande wa udongo mbichi, miche kadhaa ilianguka, mashina yameoza. Hadubini alirudi kutoka kazini akamkuta amesimama kando ya pipa, kuni zimepangwa, kiberiti mkononi.

"Umeona?" alisema mumewe bila kugeuka. "Nilijua."

Hadubini hakumnyang'anya kiberiti. Alikwenda kwenye mstari, akang'oa mche mmoja uliosimama, akaupeleka jikoni, na sufuria ya chai ikarudi kazini. Aliinama kutazama bila hakika ya atakachokiona, kisha akamwita mumewe. Alikuwa ameona uzi mmoja. Mmoja tu, unaingia mlangoni kama mgeni anayevua viatu.

"Zimefika," alinong'ona mumewe. Akapunguza maji, akatanua nafasi kati ya viriba ili hewa ipite. Kuoza kukakoma, na zile kuni akawapelekea majirani.

Mvua zilipokuja walipanda machimboni, mstari wa udongo hai, mstari wa udongo mtupu, na kila mstari hai ukawekewa vijiti vilivyopakwa chokaa. Mwezi wa kwanza hakukuwa na tofauti ya kuonekana na mtu mzima mwenye akili. Mvua zikakatika. Jua likaanza ukatili wake.

Asubuhi moja foleni ya wagonjwa ilimwona mwanamume mwenye buti za matope akipita mbio katikati yao, akigonga dirisha la maabara kwa viganja vyote viwili.

"Yamesimama!" alipiga kelele. "Mke wangu, yamesimama!"

"Mapigo ya moyo?" aliuliza bibi mmoja kwenye foleni, akijishika kifua.

"Majani, bibi! Majani!"

Foleni nzima ikapiga makofi bila kujua inapigia nini. Hadubini alitoka baada ya zamu, akaenda kushuhudia. Mistari yenye chokaa ilikuwa kijani kutoka ukuta mpaka ukuta, majani wima kwenye joto lile la kutisha. Mistari mingine ilikuwa njano, na mingi ya miche yake imekwisha kufa. Hakuhitaji hadubini. Alikaa chini kwenye kokoto iliyochomwa na jua, akapiga kofi moja, mbili, kama mtoto.

Lakini kilichokuja kuwatoa pumzi hawakukitarajia, na wala hawakukiona wao. Alikiona wifi. Mvua za pili zilikuwa zimeanza, katapila lake liko juu ukingoni, na yeye kule kwenye kiti chake alikuwa anaona machimbo yote kama sinia. Akapiga simu.

"Wifi, ile miche yenu ya manjano, mmeichanganyia udongo?"

"Hapana. Hatujaigusa."

"Basi njoo uone. Iliyobaki hai inageuka. Ile iliyo karibu na ya kijani inaanza kwanza. Kama mtu anaimwagia rangi kutoka pembeni!"

Hadubini hakungoja pikapu. Alipanda nyuma ya pikipiki ya kukodi, mashine yake kifuani imefungwa kwenye taulo. Alipofika, mumewe alikuwa tayari shimoni, anatembea kwa magoti kati ya mistari, anagusa jani hili na lile. Ilikuwa kweli. Mche wa udongo mtupu uliosimama jirani na mstari hai ulikuwa na majani mapya, kijani kibichi, na wa baada yake ulikuwa unafuata.

Walifukua pamoja. Kati ya mche na mche, kwenye udongo mweupe wenye kokoto, palikuwa na utando mwembamba sana, unaoonekana tu ukiugeuzia jua. Hadubini alikuwa amekuja na siki, wino na ile dawa yake. Wakawasha jiko la vibarua, wakapika mizizi hapohapo. Akaweka hadubini juu ya mnyororo mpana wa katapila, akageuza kioo chake kidogo kishike jua, akainama.

Vimti vya buluu vilikuwa vimejaa kila chumba.

"Zimevuka," alisema, akajikuta analia na kucheka kwa wakati mmoja. "Hakuna aliyezibeba. Zimetembea zenyewe chini kwa chini!"

Wifi alishuka akamsukuma pembeni ili naye aone. Akaona, akapiga vigelegele vilivyogonga ukuta wa machimbo na kuwarudia. Vibarua wakateremka kutoka barabarani, wakapanga foleni, kila mmoja akisema kwanza kwamba anaona kope zake. Msimamizi naye alikuja, akavua kofia ili jicho lifike, akatazama, akatazama tena, akauliza kama kuna kichaka kingine chochote mbele ya barabara ambacho wangependa kuchukua udongo wake mapema.

"Kipo!" alisema mume wa Hadubini, akiwa amekwisha panda mteremko na koleo begani. "Twendeni niwaonyeshe, kabla mvua haijashika!"